Gari lilifika, sisi hatukufika!

Msomaji wangu, wiki hii naanza kwa kuungama. Mimi ni mmoja wa wale madereva wa Dar ambao ukiwaambia "washa GPS" wanakuangalia kama umewatukania mama. Kwangu mimi ramani ni mdomo. Nikipotea Tandale nashusha kioo, namuuliza muuza mihogo. Nikipotea Mbagala namuuliza kijana wa bodaboda. "Nyoosha na hii, ukikuta mbuyu kata kushoto, halafu uliza tena hapo." Hiyo "uliza tena hapo" ndiyo iliyonifikisha kwenye harusi na misiba yote niliyowahi kwenda.

Basi bwana, Novemba 2023 nikaenda Uingereza kumsalimia dada yangu. Anaishi Exeter, kusini magharibi ya nchi ile, anafanya kazi ya unesi. Ana kijana mmoja wa miaka 13. Alipoondoka Dar alikuwa na miaka 6, mtoto mwenye maneno kama redio ya kinyozi. Safari hii nikamkuta kimya kama maji ya mtungini. "Shikamoo Anko." "Marahaba, hujambo?" "Sijambo." Kwisha habari. Anaingia chumbani, mlango pwa! Mpaka saa ya kula. Siku nne, msomaji wangu, siku nne!

Jioni ya siku ya nne dada akanivuta jikoni. Akaniambia tangu wahame mtaa na mtoto abadilishe shule, hana rafiki, hatoki, haongei. Kitu kimoja tu ndicho kinamtoa nje, mchezo wa kutafuta visanduku porini. "Jumamosi mimi niko zamu," akasema. "Mdogo wangu, chukua gari umpeleke. Ila nakuomba mambo mawili. Muwe mmerudi kabla giza halijaingia. Na umsikilize. Wewe tangu utotoni masikio unayatumia kuvalia kofia."

Nikajibu, "Usiwe na wasi dada, umefika." Masikini mie, nilikuwa naahidi kitu nisichokijua.

Mchezo wenyewe unaitwa jiokashingi. Mtu anachukua kopo lisilopitisha maji, au lile sanduku la chuma ambalo jeshi huwekea risasi, anatia ndani kidaftari, penseli na vikorokoro vidogo vidogo, halafu analificha. Nyuma ya jiwe, chini ya mzizi, kwenye tundu la mti. Kisha anapima namba za mahali pale, yaani latitudo na longitudo, anazitangaza kwa wachezaji. Wewe unazichukua, unazitia kwenye kifaa cha GPS, unakwenda kutafuta. Ukikipata kisanduku unaandika jina lako kwenye daftari, unakirudisha palepale. Ukichukua kitu, unaacha chenye thamani ileile au zaidi. Hakuna kombe wala mshiko. Wapita njia wasioujua mchezo wanaitwa "muggle", jina lililochotwa kwenye hadithi za Harry Potter, na mchezaji anatakiwa asionekane nao wakati anafukunyua.

Haya yote alinieleza dogo mwenyewe asubuhi ya Jumamosi, mezani, mkate umemkaa shavuni. Nikashangaa, kumbe sauti anayo! Akanieleza kwamba zamani GPS ya raia ilikuwa inaharibiwa makusudi. Setilaiti ni za serikali ya Marekani, na wakubwa wa kule hawakutaka kila mtu apate mahali sawasawa, kwa hiyo mashine iliweza kukosea kama mita 100. Mwanzoni mwa Mei 2000 Rais Bill Clinton akaamuru mchezo huo wa kuharibu uachwe. Tarehe 3 Mei 2000 bwana mmoja aitwaye Dave Ulmer akaenda karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akaficha ndoo nyeusi, ndani mna vitabu, programu za kompyuta, manati na kopo la maharage. Akatangaza namba. Ndani ya siku chache watu wameshaiona. Leo visanduku duniani vimepita milioni 3. Mwaka 2008 kuna mmoja alikwenda kuweka cha kwake hata kwenye kile kituo cha anga cha kimataifa. Binadamu bwana!

Tulipanga kuondoka saa 4 asubuhi. Tukaondoka saa 6 mchana, kwa sababu mjomba mtu alikuwa anatafuta soksi za pili za kuvaa juu ya soksi za kwanza. Baridi ya kule si ya mchezo.

Tulikuwa tunakwenda Dartmoor, hifadhi ya taifa tangu 1951. Ni nyika kubwa yenye vilima ambavyo kichwani vimebeba mawe makubwa ya matale, kama mtu kayapanga. Kondoo wanalala barabarani, na kuna farasi wadogo wadogo wanaozurura kama mbuzi wa Tandika. Halafu kumbe wenyeji wa kule mchezo wa kufichaficha waliuanza kabla hata setilaiti haijafikiriwa. Mwaka 1854 kiongozi wa wageni mmoja, James Perrott, aliweka chupa mahali paitwapo Cranmere Pool, katikati ya nyika, ili kila anayefanikiwa kufika aache kadi yake. Watu wakaufuata ule mtindo mpaka leo.

Kisanduku chetu kilikuwa upande wa kijiji cha Postbridge, kama kilomita 40 kutoka nyumbani kwa dada. Kwenye kioo cha gari imegandishwa GPS, ile ya sauti ya mama wa Kizungu. Dogo akatoa karatasi aliyonakili maelezo. Ina namba mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la kisanduku. Fungu la pili ni la maegesho, pale ambapo mwenye kuficha anashauri uache gari na kuanza kutembea.

"Anko, weka namba za maegesho," akasema. "Za kisanduku niachie mimi, nitazitia kwenye hiki cha mkononi."

Mimi nikacheka. "Mjomba, tunakwenda kwenye kisanduku au tunakwenda kupaki? Gari litufikishe karibu kabisa, tutembee nini?" Nikabonyeza namba za kisanduku. Dogo hakujibu. Akageuza uso dirishani. Mimi nikadhani nimeshinda.

Msomaji, mwanzo safari ilikuwa poa. Kule wanaendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo nilijinafasi mwenyewe. Tukafika juu nyikani, mama wa kwenye kioo akasema kata kulia. Nikakata. Barabara ikawa nyembamba. Akasema kata kushoto. Nikakata. Sasa huo ulikuwa uchochoro, si barabara. Huku ukuta wa mawe, huku michongoma imepita paa la gari, katikati inapita gari moja tu, tena kwa kubana mbavu. Nikaenda mdogo mdogo. Ghafla mama akatangaza kwa furaha kwamba tumefika.

Tumefika wapi? Mbele michongoma, nyuma michongoma.

Dogo akashuka na kifaa chake cha mkononi, akasogea mpaka kwenye geti la shamba, akaniita. Mshale ulikuwa unaonesha ng'ambo, mita 300. Nikachungulia. Kati yetu na hizo mita 300 mlikuwa na mto. Maji ya rangi ya chai ya rangi, yamejaa mvua ya wiki nzima, yanakwenda kwa hasira. Hakuna daraja, hakuna mtumbwi, hakuna hata mtu wa kuuliza tena hapo.

Ndipo mtoto wa miaka 13 akanipa somo. GPS ya gari, akasema, inajua barabara tu. Ukiipa namba za mahali palipo porini, inatafuta barabara iliyo karibu zaidi na zile namba kwa mstari ulionyooka, inakupeleka hapo, inasema umefika. Haiangalii kama katikati pana mto, korongo au ukuta wa mtu. Kazi yake imeisha. Kifaa cha mkononi nacho kinaonesha mstari ulionyooka kama kunguru anavyoruka, lakini wewe huna mabawa. Ndiyo maana mwenye kuficha kisanduku anatoa namba za maegesho. Yeye alishatembea pale kwa miguu, anajua upande upi unaingilika.

"Nilikwambia, Anko," akamalizia kwa sauti ndogo. Hakusema kwa kiburi. Alisema kama mtu aliyezoea kutosikilizwa, na hiyo iliniuma zaidi kuliko kama angenicheka.

Lakini kiburi cha mtu mzima hakifi siku moja. Nikanyamaza, nikarudi kwenye gari. Mara nyuma yetu pip pip! Trekta. Dereva wake mzee, pua nyekundu, amekaa juu kama sultani. Trekta halirudi nyuma, si unajua tena. Mimi nikalazimika kwenda mbele mpaka nikapata kijinafasi kando ya geti jingine, nikabana, akapita, akaninyanyulia kidole kimoja cha shukrani. Kugeuza hakuna. Nikarudi rivasi kama mita 200, shingo imepinda, michongoma inakwaruza kioo cha pembeni, mpwa wangu yuko nje ananiongoza: "Kulia Anko! Zaidi! Simama!" Siku hiyo nilijua kumbe leseni nilipewa kwa huruma.

Saa 7 na nusu tukarudi barabara kubwa. "Haya, nipe za maegesho," nikasema. Dogo akanyoosha mkono aandike yeye. Nikakataa. "Nisomee tu."

Akasoma. Ikafika mahali akasema, "Dakika 35, nukta, 460." Mimi kwenye mashine naona kuna sehemu ya nyuzi, sehemu ya dakika, sehemu ya sekunde. Nikaweka dakika 35, sekunde 46. Safi kabisa. Tukaenda. Safari hii tukatua mbele ya nyumba ya mkulima, mbwa wawili wanabweka, bibi mmoja kavaa mabuti ya mpira anatoka bandani na ndoo. Kabla sijafungua mdomo akaniuliza kama tunatafuta visanduku. Akatabasamu, akasema sisi si wa kwanza. Wengine huja mpaka usiku.

Nimeona haya, wallahi.

Dogo akachukua penseli, akageuza karatasi, akanifanyia hesabu juu ya boneti. Sikiliza na wewe, itakufaa. Namba za mahali zinaandikwa kwa namna tatu. Kuna ya nyuzi na desimali. Kuna ya nyuzi, dakika na desimali ya dakika, hii ndiyo ya wachezaji wa visanduku. Na kuna ya nyuzi, dakika na sekunde. Mahali ni palepale, mwandiko tofauti. Sasa 35.460 maana yake dakika 35 na sehemu 460 za elfu moja za dakika. Dakika moja ina sekunde 60, kwa hiyo 0.460 ni sekunde 27.6. Mimi nimeweka 46. Nimezidisha sekunde 18.4. Na sekunde moja ya latitudo ni kama mita 31 ardhini. Zidisha! Mita 570 upande wa kaskazini peke yake, bado hatujagusa longitudo.

"Ungekosea herufi ya N ukaweka S," akaongeza, "ingetupeleka Atlantiki ya Kusini, baharini." Nikamwona anajizuia kucheka. Nami nikacheka. Ndiyo mara ya kwanza tulicheka pamoja siku tano zile.

Akaingia kwenye mipangilio ya mashine, akabadilisha mwandiko uwe wa dakika na desimali, akaandika namba zote, akanisomea tena moja moja kabla ya kubonyeza "nenda". Tena akabadilisha na njia. Kumbe dada alikuwa ameiweka mashine itafute njia fupi zaidi, ndiyo maana inapenda vichochoro. Akaiweka itafute njia ya haraka zaidi. Dakika kumi na tano baadaye tuko kwenye maegesho ya kueleweka, yana kibao, yana choo, yana mashine ya kulipia. Barabara nzuri tangu mwanzo mpaka mwisho. Ni saa 8 na nusu mchana. Kule Novemba jua linazama saa 10 na robo.

Kabla hatujaacha gari, dogo akabonyeza kitu kwenye kile cha mkononi. "Naweka alama ya gari," akasema. Nikamwambia gari lenyewe jekundu, liko karibu peke yake, litapotea vipi? Akanyamaza. Akabonyeza hivyohivyo.

Tulitembea nusu saa na ushee. Tukavuka daraja, tukapanda, tukaacha njia, tukazunguka zizi la zamani la mawe. Namba zikifika, mshale unaanza kucheza, maana GPS nayo ina makosa yake ya mita chache, kwa hiyo mwisho ni macho na akili. Dogo akatazama mawe, akachagua moja lililokaa kama limewekwa na mkono, akaliinua. Kopo la kijani! Msomaji, mimi mtu mzima mwenye ndevu nilipiga kelele kama Simba imefunga dakika ya 90. Ndani mlikuwa na daftari lenye majina ya watu wengi, kigari cha kuchezea, sarafu, vifungo. Nikataka kuacha sarafu ya shilingi 200. Dogo akaniambia sheria ni thamani ileile au zaidi, tafuta kitu cha maana. Nikavua bangili ya shanga niliyonunua Mwenge, nikaiacha. Akaandika jina lake kwenye daftari. Halafu, bila kuniuliza, akaandika "na Anko".

Tulipofunika kopo na kuinua vichwa, nyika haikuwepo.

Ukungu. Haukuja taratibu, ulikuja kama mtu kashusha pazia. Hatua kumi na tano mbele huoni kitu. Kondoo analia, hujui yuko wapi. Nikatoa simu. Mtandao hakuna, ramani imebaki rangi ya kijivu. Moyoni nikajua gari liko kushoto. Nina hakika kabisa, kushoto. Nikaanza kutembea.

"Anko, ni kulia."

"Twende, mimi naona njia."

"Anko, si huko."

Nikapiga hatua nyingine, mguu ukazama. Tope mpaka gotini, baridi kama kisu. Nyika ile ina mabwawa ya tope yaliyofunikwa na majani, ukiyaona unadhani ni zulia. Nikavuta mguu, hautoki.

Hapo nikamsikia akipiga kelele, "Anko, nisikilize!"

Nisiwafiche, niliogopa. Sikuogopa kwa ajili ya mguu. Niliogopa kwa sababu nilimwona yule mtoto amesimama kwenye ukungu, koti limemzidi, na mimi niliyetakiwa kumlinda ndiye niliyekuwa namburuta kwenye matope kwa sababu sitaki kuonekana sijui. Giza lilikuwa limebakiza nusu saa. Maneno ya dada yakanirudia yote, mpaka lile la kofia.

Akanishika mkono kwa mikono miwili, akavuta, nikatoka. Nikamwambia, "Nisamehe mjomba. Ongoza wewe."

Hakusema kitu. Akaangalia kifaa chake. Alama ya gari ipo, kilomita moja na kitu. Lakini hakuufuata ule mshale moja kwa moja, kwa sababu mstari ulionyooka ungetuangusha mtoni tena. Kumbe kile kifaa njia nzima kilikuwa kinarekodi nyayo zetu, kama uzi mwembamba kwenye kioo. Tukageuka, tukafuata ule uzi tulikotoka. Zizi. Njia. Mteremko. Daraja. Yeye mbele, mimi nyuma nimeshika mkoba wake.

Njiani nikamuuliza, mbona chako kinafanya kazi na simu yangu imekufa? Akanijibu bila kugeuka. GPS hailili bando. Kifaa kinasikiliza tu setilaiti zilizo juu kilomita 20,000 na ushee. Kikizisikia angalau nne, kinajipigia hesabu kiko wapi. Kinachotaka mtandao ni ile picha ya ramani ya kwenye simu. Ukiipakua kabla hujatoka nyumbani, simu nayo inafanya kazi. Kumbe miaka yote hiyo nilikuwa naamini bila bando hakuna GPS. Wangapi kati yenu mnaamini hivyo? Msinidanganye.

Gari tuliliona likiwa hatua tano mbele yetu. Jekundu kweli. Bila ile alama tungelipita.

Ndani ya gari tukawasha hita, dogo akaangalia suruali yangu, upande mmoja nyeusi mpaka gotini, akaanza kucheka. Akacheka mpaka machozi. Kisha akaongea. Akaongea njia yote ya kurudi, Kiswahili kinachanganyika na Kiingereza, habari za shule mpya, habari za watoto wanaomcheka jina, habari za visanduku 86 alivyokwisha pata. Mimi niliendesha na kusema "enhe". Hiyo tu. Enhe.

Tulifika nyumbani saa 11 na nusu, giza limeshaingia zamani. Dada amesimama mlangoni na sare yake ya kazi, mikono kiunoni. Nikafungua mdomo nitunge uongo, dogo akaniwahi. "Mama, kulikuwa na trekta njiani."

Uongo? Hapana, trekta lilikuwepo. Lakini alikuwa ananificha, mtoto yule, mimi niliyemdharau asubuhi nzima. Nikashindwa kuvumilia. Nikamweleza dada kila kitu, tangu namba mpaka tope. Akanisikiliza, akatazama suruali, akatikisa kichwa. Akasema, "Angalau leo umesikiliza mara moja. Kaoge."

Sasa utaniuliza, haya ya Dartmoor yanakuhusu nini wewe wa Kinyerezi? Yanakuhusu sana. Jumamosi iliyopita nilialikwa shughuli Goba. Mwenye nyumba akanitumia pini kwenye simu. Ameituma akiwa amekaa chumbani kwake, na chumba chake kiko nyuma. Mashine ikanipeleka mtaa wa nyuma, ikasema nimefika. Mbele yangu ukuta una vipande vya chupa juu, muziki nausikia, pilau nainusa, geti liko upande wa pili ambako huzunguki bila kurudi mpaka barabara ya lami. Walikuwa magari saba tumekwama pale, kila mmoja anampigia simu bi harusi!

Kwa hiyo nawausia hivi. Ukimwalika mtu, nenda mwenyewe ukasimame getini, au pale utakapotaka magari yaegeshwe, ndipo utume pini. Ukipewa namba badala ya pini, angalia ziko kwenye mwandiko gani, na kwetu Dar kumbuka ni S na E, nyuzi 6 na ushee kusini, nyuzi 39 na ushee mashariki. Ukienda mahali palipojaa watu, Sabasaba au mpira kwa Mkapa, weka alama ya gari kabla hujaliacha. Na ramani ipakue ukiwa nyumbani.

Mpwa wangu siku hizi ananipigia kila Jumapili. Juzi ameniuliza kama Dar kuna mahali pazuri pa kuficha kopo, maana atakuja likizo na anataka tuweke la kwetu. Nimemwambia atachagua yeye, na namba za maegesho ataandika yeye. Mimi nitaendesha.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Na ukinialika shughuli, tafadhali, pini ya getini!